Ng'ombe wa Maonyesho

Niliwahi kuolewa mchana kweupe, mbele ya watalii, na mwanaume ambaye sikuwahi kumtaka wala yeye hakuwahi kunitaka. Kuolewa kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kuivisha maharage. Kuachika ndiko kulikotutoa jasho.

Nieleze mwenyewe, maana habari hii imesimuliwa Butiama nzima na kila anayeisimulia anatia chumvi yake. Wengine wamefika mahali pa kusema nilizimia. Sikuzimia. Nilikasirika, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Butiama, tulikuwa na kikundi cha kupokea wageni. Kwa miaka mingi magari ya watalii yalikuwa yakitoka Musoma, yanasimama kidogo penye makumbusho, watu wanapiga picha, kisha hao, wanashika njia ya Bunda kwenda hifadhini kuangalia simba. Sisi tulibaki na vumbi. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ndiye aliyesema kwamba watu hawa wangeweza kukaa kwetu nusu siku, wakala ugali wa ulezi na mihogo, wakaona tunavyosaga kwenye jiwe na tunavyopiga ngoma zetu. Na akasema jambo jingine ambalo lilinishika zaidi: kwamba tukiwaonyesha wageni mambo yetu, watoto wetu nao watayaona, kwa sababu nyumbani hawayaoni tena. Alikuwa hakosei. Jiwe la kusagia la bibi yangu kwa wakati huo lilikuwa linazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.

Mimi nilikuwa mkalimani. Nilisoma chuo, nikarudi nyumbani, na Kiingereza changu kilikuwa kinatosha kueleza kila kitu isipokuwa vichekesho. Kazi niliipenda, lakini kulikuwa na kitu kilichokuwa kinaniuma na sikumwambia mtu. Kila nilipofungua mdomo nilijikuta nasema "zamani". Zamani mama zetu walisaga hivi. Zamani wazee wetu walikaa hivi. Wageni wanatikisa kichwa kwa huruma, nami najiona kama mtu anayesoma wasifu wa marehemu kanisani, vizuri kabisa, kwa sauti nzuri, na marehemu amelala hapo mbele. Niliogopa kwamba tunauza nguo za mtu aliyekwisha kuzikwa.

Basi siku moja mwenyekiti akaja na wazo la kuonyesha harusi ya kimila, ile sehemu ya kupokea ng'ombe wa mahari. Kundi kubwa la wageni lilikuwa linatarajiwa. Bibi harusi atakuwa nani? Wenye waume hawafai, wasichana wengine bado wanasoma, na mimi ndiye niliyebaki. Kweli nilikuwa na mchumba wangu, fundi wa mafriji Musoma mjini. Posa yake ilishapokelewa, mahari ilishakubaliwa, ng'ombe wangeletwa baada ya mavuno, ndipo tungetangazwa kanisani. Lakini hii ilikuwa michezo tu. Hata yeye nilipompigia simu alicheka, akaniambia nisije nikampenda huyo bwana wa kuigiza.

Huyo bwana wa kuigiza alikuwa kijana wa kikundi, mpiga ngoma wetu, wa ukoo mwingine, jirani yetu wa upande wa pili wa mawe makubwa. Baba yake alikubali kutuazima ng'ombe. Baba yangu alikubali kutuazima zizi. Hapo ndipo tulipopotea, ingawa wakati ule tuliona tumejipanga kweli kweli: ng'ombe halisi, zizi halisi, wimbo halisi. Mwenyekiti alikuwa anarudia kwamba hataki uongo mbele ya wageni.

Siku ikafika. Niko mlangoni kwa mama, nimefunikwa kanga mpaka usoni, nasikia tu, mengine nilikuja kusimuliwa. Nikasikia ng'ombe wanakaribia, na mwenyekiti anamgombeza kijana kwa sababu amekuja na simu mkononi badala ya fimbo. Kijana akakimbia nyuma ya nyumba, akarudi, wimbo ukaanza. Kina mama waliimba vizuri siku ile, siwezi kuwanyima sifa. Ng'ombe wakaingia zizini. Kijana akamwinamia baba yangu, akampa fimbo ya kuswagia ng'ombe, na baba akaipokea kwa mikono miwili, kwa sababu baba yangu hupokea hivyo hata ukimpa kikombe cha chai. Halafu baba, kama alivyomwona babu akifanya, akaingia nayo ndani na kuichomeka kwenye paa juu ya kitanda chake. Nadhani mwili wake ulikumbuka kabla ya akili. Macho ya baba yalikuwa kwa wageni na kamera zao, fimbo hata hakuiangalia.

Kisha vikapigwa vigelegele. Si vya kikundi. Vilitoka mlangoni kwa jikoni, virefu, vya mtu mmoja.

Alikuwa shangazi. Dada mkubwa wa baba, anayeishi Bugwema, ambaye hakuna aliyejua kwamba angekuja siku ile. Alikuwa amefika na gunia lake la viazi kwa njia ya nyuma, akasikia wimbo, akaona ng'ombe wanaingia, akamwona mdogo wake anapokea fimbo, akafanya kazi yake. Kwetu shangazi wa binti ndiye shahidi wa ng'ombe. Vigelegele vyake ndivyo muhuri.

Wageni walipiga makofi, wakanywa uji, wakapanda magari yao, wakaenda zao Bunda wamefurahi. Jirani yetu akaja kuchukua ng'ombe wake. Akamkuta shangazi amesimama kwenye lango la zizi, mikono kiunoni.

Mwenyekiti alimweleza kwa upole wote wa mwalimu kwamba yale yalikuwa maonyesho. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Maonyesho ya nini?" akasema. "Ng'ombe ni wa kweli. Zizi ni la kweli. Binti ni wa kweli. Sasa kilichoigizwa ni kipi hapo?"

Mimi nikajitia kimbelembele, nikasema basi watoke sasa hivi, yaishe. Shangazi akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeshika kisu.

"Wakitoka umeachika. Ng'ombe wa mahari hawatokaga bure, mwanangu. Wakirudishwa kwao, ni kwamba mwanamke amekataliwa."

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ng'ombe wakae, niwe mke wa mpiga ngoma, au watoke, niwe mtalaka kabla hata sijavuliwa kanga. Nilimwambia baba aseme kitu. Baba ni kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa, akajaribu kusema kwamba mbele ya padri hayo hayahesabiki. Shangazi naye ni Mkatoliki, na sare yake ya kina mama wa parokia huipiga pasi hata kama hakuna misa.

"Padri ana mlango wake," alisema. "Mimi nina lango langu."

Ng'ombe wakalala kwetu.

Ningekuwa nasikiliza habari hii kwa mtu mwingine ningecheka mpaka mbavu ziume. Kati ya wale ng'ombe alikuwamo mmoja anayenyonyesha, na ndama wake alibaki kwao akilia kiasi kwamba tunamsikia mpaka huku kwetu. Kesho yake jirani akamleta ndama anyonye. Shangazi akasema na huyo sasa ameshaingia kwenye mahari. Jirani, ambaye hakuwahi kuota kumwoza mwanawe mwaka ule, akaanza kumwita baba "mkwe" bila kutaka, halafu anajishika mdomo. Sokoni wauza dagaa wakanibatiza jina la mke wa ngoma. Na yule bwana harusi, shujaa wetu, aliposikia kwamba huenda ana mke, alipanda basi la kwenda Bunda kwa mjomba wake na kuzima simu. Angalau angeniaga, tulikuwa tumeoana.

Nilicheka kwa nje. Ndani nilikuwa na hofu, tena hofu ya kweli, kwa sababu nilimpenda yule fundi wa mafriji na nilitaka kuzeeka naye. Nilimpigia simu nikamweleza yote. Alicheka mwanzoni. Nilipofika kwenye vigelegele akazima mashine za karakana yake. Kisha akaniambia habari imeshafika kwao Mugeta kabla ya simu yangu. Wachuuzi wa ng'ombe waliipeleka mnadani, na mnadani ndiko aliko baba yake.

"Mzee anasema hawezi kuingiza ng'ombe wake kwenye zizi lenye ng'ombe wa mtu," alisema. "Jumamosi anakuja mwenyewe kuangalia."

Nilimuuliza yeye anasemaje. Akasema yeye anasema ananipenda, lakini baba yake ni baba yake. Nilikata simu kwa hasira, kisha nikampigia tena kumwambia kwamba nimekata kwa hasira, si kwa sababu ya mtandao.

Siku zile zilizobaki nilimchukia shangazi, nalisema hivyo hivyo lilivyo. Nilimwona mkaidi. Lakini nilikuwa nalala naye chumba kimoja, na niligundua kwamba usingizi hapati. Alikuwa anajigeuza, anaguna, anakaa. Asubuhi moja nikamuuliza kwa nini asiseme tu kwamba alikosea kupiga vigelegele. Akaniambia hakukosea. Akasema kama vigelegele vyake vya juzi ni vya uongo, basi na vile alivyompigia mama yangu ni vya uongo, na mama yangu hakuwahi kuolewa, na mimi ni mtoto wa njiani. Aliyasema hayo huku anamenya kiazi, bila ukali. Nikaona kwamba naye alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, ila hakuwa tayari kutoboa ukuta.

Jumamosi mzee wa Mugeta akafika kwa pikipiki, amevaa koti zito na jua lote lile. Tukampa shikamoo, akaitikia, akakataa kuketi. Alikwenda moja kwa moja zizini, akawaangalia ng'ombe mmoja mmoja, na yule ndama pia. Mchumba wangu alikuja nyuma yake, hakuthubutu kunitazama usoni. Mwenyekiti alikuwapo, na jirani yetu mwenye ng'ombe, kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani.

Baba alieleza. Mwenyekiti alieleza. Jirani akasema yeye alitaka tu kusaidia kijiji. Mzee alisikiliza, kisha akamgeukia shangazi, maana aliona hapo ndipo penye neno.

"Fimbo iko wapi?"

"Kwa mwenyewe, ndani. Imechomekwa tangu siku ile. Hakuna aliyeigusa."

"Itoe niione."

Baba akaingia ndani akaitoa. Alitaka kumpa mzee, lakini shangazi akanyoosha mkono kwanza, kwa kuwa ng'ombe walikuwa chini ya ushahidi wake. Akaishika. Akaigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili. Kidole gumba chake kikasimama mahali karibu na kichwa cha fimbo, penye alama nyeusi ya kuungua, kikabaki hapo kinapapasa.

Niliona uso wake unabadilika, nikadhani anataka kulia.

"Hii alama ni yangu," alisema taratibu. "Nilikuwa mdogo, nikachokorea moto na fimbo ya baba. Akanichapa nayo hii hii." Akamtazama mdogo wake. "Hii fimbo ni ya hapa."

Ndipo nikaelewa yule kijana alikimbilia wapi alipogombezwa na mwenyekiti: alikwenda nyuma ya nyumba akachomoa fimbo ya kwanza aliyoiona kwenye ua wetu. Fimbo ya marehemu babu yangu. Bwana harusi wetu mvivu, Mungu ambariki huko Bunda alikojificha, alimpa baba yangu fimbo yake mwenyewe.

Mzee wa Mugeta alikohoa. Akaongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwenye mawe, anapima kila hatua.

"Kama fimbo ni ya hapa, hakuna fimbo iliyoletwa. Kama hakuna fimbo iliyoletwa, hawa ng'ombe hawakuletwa."

"Hawakuletwa," shangazi akasema. "Wameingia tu. Ng'ombe wa jirani huwa wanaingiaga."

Na akaondoka langoni.

Sijui kama umewahi kutua ndoo ya maji uliyoibeba umbali mrefu, shingo ikawa nyepesi mpaka unahisi kama utaelea. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nilikaa chini, pale pale kwenye kinyesi cha ng'ombe, nikacheka na kulia kwa pamoja. Jirani aliwatoa ng'ombe wake, ndama akitangulia, mkia juu. Baba akamwomba mzee aketi, safari hii akaketi, akavua na koti. Mama akaleta sato ambaye mchumba wangu alimbeba kutoka Musoma akiwa hajui kama atampata wa kumpikia. Shangazi alikula kuliko sote. Baadaye alilala mchana kutwa, akikoroma bila aibu.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna unafuu mwingine ulionijia polepole, siku za baadaye, na huo ndio uliobadilisha kazi yangu.

Tulifanya mkutano wa kikundi, na shangazi akaalikwa. Mwenyekiti alianza kwa kuomba radhi, shangazi akamkatiza, akamuuliza kati ya wote waliokuwa wakiimba siku ile, ni nani aliyejua fimbo ni ya nini. Hakuna. Tulikuwa tumejifunza wimbo, tumeazima ng'ombe, tumeshona nguo, na hakuna aliyeuliza fimbo ni ya nini. Basi akatufundisha. Alitufundisha siku ile na siku nyingine nyingi, akija kutoka Bugwema na gunia lake la viazi, akikalia jiwe la bibi yangu ambalo tulishaliondoa mlangoni. Wasichana waliokuwa wanasinzia kwenye mazoezi walikaa macho, kwa sababu sasa walijua kwamba jambo hili linaweza kukuoza kweli.

Ndivyo tulivyokubaliana mpaka leo: wageni wanaona ng'ombe wakija na wimbo wao, mpaka nje ya lango. Hapo tunageuka, tunaenda kunywa uji. Fimbo haitolewi, na shangazi hapigi vigelegele. Dereva mmoja anayeleta watalii alilalamika kwamba wageni wake wanataka kuona mwisho. Kuna mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, aliyeniomba kabisa nimuulizie shangazi kwa nini wanafichwa.

"Mwambie akiwa na binti wa kuoza, amlete," shangazi akajibu.

Nilimtafsiria neno kwa neno. Yule mama alicheka, kisha akasema kwao walishaacha kuwa na kitu cha kuficha, na akakaa na shangazi jikoni mpaka gari likampigia honi. Wageni wameendelea kuja. Nadhani wanakuja zaidi tangu walipojua kuna mahali hawafiki.

Na mimi niliacha kusema "zamani". Sikuamua, niligundua tu siku moja kwamba neno limenipotea mdomoni. Sasa nasema "kwetu". Siogopi tena kwamba tunauza nguo za marehemu. Marehemu hawezi kusimama langoni mikono kiunoni akazuia ng'ombe.

Baada ya mavuno mzee wa Mugeta alileta ng'ombe wake. Walikuja na lori la Fuso mpaka barabarani, wakashushwa, wakaswagwa kwa miguu kipande kilichobaki. Hapakuwa na mgeni wala kamera. Mpiga ngoma wetu, aliyesharudi kutoka Bunda, aliwapeleka watalii wa siku hiyo ng'ambo ya mawe kuangalia namna ya kusaga ulezi. Mimi niko mlangoni kwa mama, kanga usoni, ila safari hii niliacha upenyo wa kuchungulia.

Ng'ombe wakafika langoni. Mchumba wangu akainama kumpa baba fimbo. Baba akaangalia kwanza jikoni. Shangazi akaja, akaichukua yeye, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akainusa.

"Hii si ya hapa," akasema, akampa mdogo wake, akapisha.

Ng'ombe wakaingia.